Ataingia kwenye Uzi

Gothenburg, 7 Novemba 1976

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni mimi Tuire, binti wa mwanao Kauko, na safari hii naandika kwa mkono wangu na kwa Kifini, siyo Mama anaandika halafu mimi natia jina chini. Ukikuta makosa cheka kidogo kidogo, usimalize kicheko chote kwenye barua moja, maana nakusudia kuandika nyingine.

Huku sote wazima. Baba bado yuko kiwandani, zamu ya alfajiri. Mama amehamishiwa wodi ya watoto, anasema afadhali watoto, wakilia sababu yake inajulikana. Mimi nimetimiza miaka kumi na saba na nimeanza kwenda darasa la Kifini kila Alhamisi, pale kwenye ukumbi wa chama cha Wafini. Aibu ilinizidi, Babu. Tulihama huko nikiwa na miaka minne, na Kifini nilichobaki nacho ni cha miaka minne: maziwa, mbwa, njoo, sitaki.

Sasa mwalimu anataka kila mmoja alete msemo kutoka kwa watu wake. Mimi ninao mmoja, ila sijui maana yake. Juzi Baba alikuwa anaongea kwa simu na Baba Mdogo Pentti wa Rovaniemi, nami nilikuwa jikoni namenya viazi. Baba akasema, "Ataingia kwenye uzi, wewe subiri tu." *Menee lankaan*, ndivyo alivyosema. Akacheka, lakini hakikuwa kile kicheko chake cha siku zote.

Uzi ninaoujua mimi ni wa kushonea. Mtu anaingiaje kwenye uzi? Nikimwuliza Baba atanitania hadi Mwaka Mpya. Nifundishe wewe.

Msalimie mbwa wako Peni, umkune nyuma ya masikio.

Mjukuu wako,
Tuire


Kaamanen, 21 Novemba

Tuire mjukuu wangu,

Marahaba. Barua yako imekuja na basi la posta. Hilja, yule jirani mjane wa ng'ambo ya mto, ndiye aliyeipokea, akaniletea mkononi na akakataa kuondoka mpaka nimsomee. Sikumsomea. Akanuna hadi kikombe cha pili cha kahawa, kisha akasahau.

Mimi ni mzima. Goti linanitangazia hali ya hewa kabla ya redio, basi. Jua sasa linachungulia tu na kurudi, karibu litaaga kabisa. Peni amekunwa masikio kwa niaba yako.

Makosa yako nimeyaona na nimecheka kwa kiasi ulichoniruhusu. Tuje kwenye msemo.

Uzi huo si wa kushonea, ni wa mtego. Ungekuwa hapa ningekuvalisha ski za kutelezea thelujini tukapanda kilima cha nyuma ya nyumba, ukaona mwenyewe. Tunachomeka matawi ya mti wa mbetula kwenye theluji, mstari mrefu unaopinda kati ya vichaka, kimo chake cha kufika gotini tu. Huo ndio ua. Hapa na pale tunaacha mwanya, na kwenye mwanya tunaning'iniza kitanzi cha waya mwembamba wa shaba. Zamani ulikuwa uzi kweli. Kisha tunarudi nyumbani kunywa kahawa. Hakuna kumkimbiza ndege wala kupiga kelele. Kwale mweupe anakuja kwa miguu, anakuta vichipukizi kwenye matawi, anadonoa kimoja, anasogea, anadonoa kingine. Ua wenyewe ndio chakula chake. Na ana mabawa, Tuire! Angetaka angeruka akaenda zake. Lakini nani anaondoka mezani wakati anakula vizuri? Anafika kwenye mwanya, anapitisha kichwa.

Ndiyo maana mtu akidanganyika tunasema ameingia kwenye uzi. Wengine watakwambia ameingia mkenge, amepigwa changa la macho, yote sawa. Ila huyu wa uzi hakusukumwa na mtu. Alikwenda mwenyewe, akila.

Baba yako anaujua ua huo. Nilimfundisha akiwa mdogo na mistari yake ikawa mizuri kuliko yangu. Pentti alikuwa ovyo, alikula mikate yote ya safari kisha akasahau mitego iko wapi.

Sasa nami nina swali. Huyo atakayeingia kwenye uzi ni nani? Nauliza tu. Uzee una umbea wake.

Babu yako,
Eevertti


Gothenburg, 19 Desemba

Babu mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe kwa kukawia. Kulikuwa na mitihani, halafu mafua, halafu sikukuu ya Lucia, na shuleni nilichaguliwa kubeba mishumaa kichwani. Nta imeingia kwenye nywele na Mama amenikata upande mmoja. Nimefunga mikate ya zafarani kwenye kifurushi hiki pamoja na soksi. Soksi nimefuma mwenyewe, ile kubwa ni ya mguu wa kulia.

Mwalimu aliupenda msemo wako sana. Nilisimama mbele nikaeleza habari za ua na vichipukizi, na mzee mmoja wa Kemijärvi akatoka nje kupenga kamasi, akisema ni vumbi.

Kuhusu lile swali lako, sikumbuki vizuri Baba alikuwa anamsema nani. Labda mtu wa kazini.

Babu, Baba na Mama wanasema uje kwetu Pasaka. Hapa hakuna kukata kuni wala kuchota maji, bomba la maji moto liko palepale ukutani. Utalala chumbani kwangu, mimi nitalala sebuleni. Utakaa kwa raha mpaka barafu ya mtoni iyeyuke, na wala usiwe na wasiwasi na nyumba, Baba Mdogo Pentti ataiangalia. Baba atanunua tiketi. Anasema umeshafanya kazi ya kutosha na ni zamu yako kupumzika.

Heri ya Krismasi kutoka kwetu sote.

Tuire


Kaamanen, 16 Januari 1977

Tuire mjukuu wangu,

Marahaba, na heri ya mwaka. Mikate imeliwa. Mmoja aliiba Peni, na Hilja alimtetea. Soksi nimevaa, na ile ya kulia inatosha miguu yote miwili kwa pamoja, ndiyo nzuri ya baridi kali. Jua limerudi wiki hii. Lilikaa juu ya kilima muda wa kunywa kikombe kimoja, nami nilikunywa polepole ili lisiondoke.

Pentti ataiangalia nyumba! Pentti huyu huyu? Mwaka juzi nilimwomba aangalie sufuria ya maziwa.

Nimesoma mwaliko wenu. Ni mtamu. Yale maneno ya kukaa kwa raha na zamu ya kupumzika namjua mwenyewe, nilimlea. Kwa hiyo sasa nataka kuuliza mtu mwingine. Wewe, Tuire, unataka nije? Sijamwuliza baba yako, wala mama yako. Ukisema ndiyo nitakuja. Ukisema hapana sitakasirika, nitajua kuna jambo.

Ila nikija, ni baada ya mitego kuondolewa. Msimu unakwisha mwishoni mwa Machi na lazima kila kitanzi kitolewe. Mtu anayeacha uzi msituni bila mwangalizi, huku kwetu hatumsalimii.

Babu


Gothenburg, 20 Februari

Babu mpendwa,

Shikamoo. Sisi sote hatujambo na tunatumaini nawe hujambo.

Baba amekaa karibu nami ananisahihisha Kifini, kwa hiyo safari hii hutapata cha kucheka. Tutafurahi sana ukija. Tiketi zimekwisha nunuliwa na zimo humu ndani: basi, treni, meli, na treni tena. Utaondoka Jumatatu kabla ya Pasaka. Baba atakupokea Stockholm ili usihangaike.

Nina hamu ya kukuona. Hilo la mwisho nimeliandika mimi.

Tuire


Gothenburg, 27 Machi

Babu,

Leo sikusalimii kwa urefu. Naandika chooni, mlango nimefunga. Hakuna wa kunisahihisha, kwa hiyo nivumilie.

Usije.

Huyo wa kwenye simu alikuwa wewe. Nilijua siku ile ile nilipoisoma barua yako ya kwanza, nilipofika pale pa kwale anayekula. Nilikaa mwezi mzima bila kukujibu kwa sababu hiyo. Si mafua wala mitihani, mitihani ilikuwa rahisi. Kisha nikakuandikia nimesahau, na nikakuandikia habari za maji moto, na Baba akanishika bega akasema barua nzuri. Mimi ndiye kichipukizi, Babu. Wamenichomeka mimi kwa sababu wanajua kwangu utakuja.

Mambo yako hivi. Baba Mdogo Pentti amekupatia nafasi kwenye nyumba ya wazee Ivalo. Ukiwa huku kwetu utapewa karatasi ya kumruhusu Pentti aamue habari za nyumba. Watakupa ukiwa umeshiba na umefurahi. Kuna watu wa Helsinki wanaitaka kwa ajili ya likizo, na Peni atapelekwa kwa mtu. Hutarudi pale tena. Kutoka huku utapelekwa moja kwa moja Ivalo.

Baba si mtu mbaya. Sijui kwa nini anafanya hivi. Usiku anazunguka sebuleni, nikimwuliza anasema anatafuta kiberiti, na hata havuti sigara.

Kesho nitaipeleka barua hii posta mwenyewe kabla ya shule. Ina wiki nzima ya kukufikia kabla ya safari. Sema unaumwa, sema chochote. Nataka kukuona kuliko kitu chochote, lakini usije.

Tuire


Kaamanen, 24 Aprili

Tuire, roho yangu,

Nimefika salama. Basi lilinishusha mbele ya nyumba ya Hilja, Peni akaniangusha kwenye theluji laini kwa furaha, na kabla sijajifuta Hilja akatoa bahasha nyuma ya saa yake ya ukutani. "Hii ilikuja siku ile ile uliyoondoka," akasema. "Mwandiko wa yule mtoto."

Mitego niliimaliza mapema, ndiyo maana nilitoka kabla ya siku mliyonipangia. Nilikwenda stesheni, binti wa dirishani akanibadilishia tiketi, nikataka kuwashtua. Kwa hiyo basi lililonipeleka kusini na basi lililoleta barua yako yalipishana, pengine pale Ivalo ambapo madereva hupungiana mikono. Nilipita kando ya barua yako nikiwa nimesinzia.

Nimeisoma nikiwa na koti mwilini. Nikaisoma tena. Kisha nikakaa chini, na Hilja, ambaye hajawahi kuondoka mahali penye barua, akaondoka.

Sasa sikiliza. Nilijua tangu Novemba. Wanangu wawili hawapigiani simu ya mbali kumcheka mtu wa kazini. Uliponiuliza mtu anaingiaje kwenye uzi, nilikueleza taratibu, na huku najieleza mwenyewe. Nilikuja kwa sababu mwisho wa ua ulikuwa umesimama wewe, na tangu walipokupakia kwenye basi ukiwa na miaka minne nilikuwa nimekuona mara mbili tu. Hapo sikudanganyika. Ningekuja hata kama wangeniandikia ukweli wote kwenye bango.

Lakini kuna jambo nililokuja nalo moyoni. Nilitaka kujua kama wewe nawe umo. Siku ya kwanza hukusema kitu, nikasema amechoka. Ukanipeleka bandarini tukala samaki wa kukaanga, ukanionyesha shule yako, ukacheka, na hukusema. Kila asubuhi nilivaa soksi zako nikajiambia, leo atasema. Usiku navua, bado hujasema. Ulikuwa unanitazama tu kwa jicho la ajabu.

Basi Pasaka ikafika. Mama yako akaleta ile pudini ya kimea na krimu. Kauko akaiweka karatasi kando ya sahani yangu. "Sahihi tu, Baba," akasema, "ya kumrahisishia Pentti." Nami nikachukua kalamu. Nataka ujue kwamba niliichukua kweli, sikuwa naigiza ili nimwaibishe mtu. Nilikuwa nimefika mahali pa kusema, kama hata Tuire ananitaka nitoke, nyumba ile namtunzia nani? Hilja ana yake, na Peni hajali hati. Sijapata kuchoka maishani kama nilivyochoka pale, mbele ya sahani ya pudini.

Ndipo ukaweka kiganja chako juu ya karatasi. Mkono wako ukapita kwenye krimu. Ukasema kwa Kifini chako kile cha kuungaunga, mbele ya baba yako, "Babu, usitie! Huu ndio uzi!" Mama yako akabaki na kijiko mdomoni. Kauko akatoka akasimama barazani bila koti, na hakunisemesha tena mpaka stesheni. Hata pale alisema neno moja tu. "Skafu." Nilikuwa nimeisahau kwenye benchi.

Nilirudi nyumbani nikiamini umenionea huruma dakika ya mwisho. Niliona yanitosha, nikakushukuru kwa hilo njia nzima. Kumbe ulikuwa umeshasema, tena wa kwanza, tena chooni mlango umefungwa. Nilikudhania vibaya siku zote zile, mwanangu, nami nalia hapa nikiandika, na Peni ananiangalia akifikiri amefanya kosa. Nisamehe.

Na mimi nina langu nililokuficha. Oktoba niliteleza njia ya kisimani. Nililala pale sijui muda gani, mpaka Hilja aliposhangaa kwa nini Peni anabweka bila kupumzika. Goti lile la kutangaza hali ya hewa ndilo hilo. Hilja alimpigia simu Kauko, na nilipopata nguvu nikamwapisha Kauko asikwambie. Kwa hiyo usimhesabu baba yako mwongo peke yake. Katika familia hii uongo tunagawana kama mkate, kila mtu kipande chake.

Nyumbani kwangu naendelea kuishi. Siku nikishindwa nitasema mwenyewe, kwa mdomo wangu, na wewe ndiye wa kwanza nitakayemwambia.

Babu yako,
Eevertti


Gothenburg, 8 Mei

Babu wangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Goti lako sasa naliuliza rasmi, na ukinijibu mambo ya redio nitamwandikia Hilja.

Nilidhani umeisoma! Ulipofika kabla ya siku yako nilisema moyoni, ameisoma na amekuja hivyo hivyo, ana mpango wake, nikifungua mdomo nitamharibia. Kila uliponitazama nilidhani unanikonyeza. Bandarini nilikukonyeza mimi pia, ukaniuliza kama samaki wana miiba. Hata karatasi ilipowekwa mezani nilikuwa nasubiri uichane, uwashushue wote. Halafu nikaona mkono wako na kalamu, na uso wako ukiwa umekata tamaa, ndipo nikajua hujui kwamba nakupenda. Kilichonitisha ni hicho. Nyumba ilikuja baadaye.

Nimefikiri sana kama nimwonyeshe Baba barua yako. Hapa nyumbani tulikuwa tunapishana tu kwenye korido tangu uondoke. Jana nikamsomea, yote, hata pale pa Pentti na maziwa. Pale pa kisima aliniambia nisimame. Nikasimama. Akaniambia niendelee. Nilipomaliza akaomba kalamu na nafasi mwishoni mwa barua yangu.

Amekaa nayo tangu mchana. Mama amempashia chakula mara mbili. Nampisha sasa.

Tuire

Baba,

Hilja hajawahi kunipigia simu maishani mwake. Siku ile alipiga, akaanza na habari za theluji. Akasema imeanguka mapema mwaka huu, akasema barabara haijafagiliwa, akasema theluji ya namna hii aliiona mara ya mwisho zamani. Nami nimesimama na simu nikijua ananitafutia njia ya kuniambia umekufa. Kisha akasema umeumia goti.

Nilimshukuru, nikaenda kazini. Sikumwambia mtu. Lakini muda wote ule wa theluji nilikuwa sina baba, na tangu siku hiyo sikutaka usimame tena mahali ambapo Hilja anaweza kunipigia simu.

Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine. Nilishindwa kukwambia.

Pentti nimemwambia aache. Nakuja Juni na mbao, nikujengee cha kushikilia kwa mkono njia nzima, kutoka mlangoni hadi kisimani.

Mwanao,
Kauko